Namba ya Wamunyu

Binti ya Muli alinipigia simu siku ya Jumatano, nikiwa jikoni kwangu Syokimau nachambua maharagwe. Hakuwa na uhakika kama bado niko hai, alisema. Namba yangu aliipata kwa mtu aliyeipata kwa mtu mwingine. "Aunty Mwende, baba ametuacha. Tunazika Jumamosi." Nikampa pole, nikauliza aliugua nini, nikasikiliza habari za moyo na za hospitali, na muda wote huo vidole vyangu viliendelea kutoa mawe kwenye ungo kana kwamba ni vya mtu mwingine. Kisha akasema jambo lililovisimamisha. "Alikuwa anakutaja sana. Alisema wewe ndiye ulimfundisha kompyuta wakati Wamunyu nzima hakuna mtu alikuwa ameona kompyuta. Tungependa useme maneno kidogo, kwa sababu watu wengi hawajui mzee alikuwa mtu wa redio." Nikamwambia nitakuja. Watu wa umri wa Muli walijua vizuri sana kwamba alikuwa mtu wa redio. Hawakulitaja mbele ya watoto wake, na sababu ya kutolitaja ni mimi.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na miwili, fundi katika duka la Mzee Salim la kutengeneza redio na televisheni mjini Machakos. Mzee Salim alikuwa wa ukoo uliotoka pwani zamani za babu yake, na Kiswahili chake kilinyooka kama uzi. Chetu kilikuwa kimepigwa na Kikamba kila kona, naye hakutucheka hata siku moja. Mbele ya duka palikuwa na kaunta na foleni ya redio zilizokufa. Nyuma palikuwa na chumba kirefu chenye dirisha moja, meza ya kazi iliyochomwachomwa na kifaa cha kulehemu, na rafu zilizojaa vioo, nyaya na visanduku. Humo ndimo nilimoishi mwaka ule, ingawa nilikuwa nimepanga chumba kwingine. Jumamosi mkewe alituletea mahamri na mbaazi za nazi katika bakuli lililofunikwa kwa kitambaa, na watu saba wa redio ya ridhaa tuliketi juu ya makasha tukala kwa vidole vyenye harufu ya risasi ya kulehemu. Redio ya ridhaa ni ya watu wanaorusha mawimbi kwa kupenda tu. Unafanya mtihani, unapewa leseni na jina lako la hewani, kisha unazungumza na mtu usiyemjua wa nchi ya mbali, kwa raha ya kwamba amekusikia.

Mvua ilikuwa imekosa misimu miwili. Malori ya mahindi ya msaada yalipakia Athi River na kupanda kuja kwetu, lakini kamati ya chakula haikuwa na njia ya kuwaambia watu wa vituo lori litafika lini; simu huko hazikuwapo, au zilikuwapo na hazikulia. Mwenyekiti wa kamati, Mwalimu Nzioka, alikuwa amestaafu ualimu na bado alitembea kana kwamba kuna kengele inayomngoja. Alikuja dukani akamwuliza Mzee Salim kama redio zetu zingeweza kupeleka barua. Si maneno ya mdomo, alisema, maneno hupotoka. Barua, yenye maandishi. Mzee Salim akasema zinaweza. Tulikuwa na kompyuta chache za msaada, nzito na za rangi ya maziwa yaliyoganda. Kila moja tuliifunga kwenye redio kwa kisanduku kilichokata barua vipande vipande, yaani pakiti, na kuvirusha hewani kwa sauti kama ya panzi aliyefungiwa kwenye kibiriti. Tukapata ruhusa. Tukaweka kituo Athi River, kingine Mitaboni, kingine Wamunyu, na kingine katika ofisi ya kamati mjini. Mashine kuu tuliiweka juu ya milima ya Iveti, katika stoo ya shule, ambako ingewasikia wote. Barua zote zilipita kwake, naye aliandika ipi imefika na saa ngapi.

Kituo cha Wamunyu kilikuwa cha Muli. Alikuwa mchongaji, mwanamume wa arobaini na kitu, mwenye mabega mapana na sauti ndogo. Alichonga twiga na vijiko vya saladi vya kupelekwa Nairobi, na alikuwa amejifunza mlio wa Mosi, ile lugha ya redio ya milio mifupi na mirefu, kwa kugonga mpini wa patasi kwenye benchi lake. Nilikaa kwao siku nne nikimfundisha. Karakana ilikuwa imejaa chembe za mbao, nikamgombeza kwamba zitaiua kompyuta. Kesho yake nilikuta amekwisha kuchonga kasha la mti wa mukau lenye mlango mdogo, na kompyuta imo ndani kama mtakatifu. Mkewe, Syombua, alipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kila siku, na kila siku uzito wake ulipungua, mahindi yakawa machache na maji yakawa mengi, na kila siku aliniwekea mimi sahani iliyojaa kuliko ya mumewe. Niliiona tofauti ile. Nilikula nikamaliza. Nilikuwa mgeni, na nilijiona mtu wa maana. "Kula, mwiitu," alisema Muli, akiniita binti kwa Kikamba na kunisogezea chumvi. "Wewe ndiye unatuletea hiyo lori."

Lazima nieleze namna mashine zile zilivyojuana, maana bila hilo kosa langu halieleweki. Kila kituo kilikuwa na jina na namba. Redio ilifahamu majina tu; kompyuta ilifahamu namba tu. Mashine ya mlimani ilipokuwa na barua ya namba ya Wamunyu, iliuliza hewani: nani mwenye namba hii? Mwenye namba alijibu kwa jina lake. Mlimani ikaliandika jina lile katika jedwali, na kuanzia hapo kila barua ya namba hiyo ikaenda kwa jina hilo, bila kuuliza tena kwa muda mrefu. Namba zenyewe nilizigawa mimi. Nilikuwa na daftari la buluu, na Mzee Salim aliniita mtunza namba mbele ya wateja.

Cheo hicho nilikipata kwa haki, na hilo ndilo linalonichoma. Mwezi wa nne barua za Wamunyu zilikuwa zikipotea asubuhi hadi kama saa nne, kisha zinafika vizuri siku nzima. Wenzangu walilaumu betri, wakalaumu baridi, wakalaumu Muli. Mimi nilipanda Iveti siku kumi mfululizo na chupa ya chai, nikakaa stoo nikisoma jedwali la njia. Mashine zetu zilikuwa zikipashana habari zenyewe: mimi namfikia fulani, pitieni kwangu. Asubuhi yenye ubaridi Mitaboni ilimsikia Wamunyu kupitia upenyo wa vilima, ikajitangaza kuwa ndiyo njia yake, na mlimani ikaamini na kuipa barua. Ila redio ya Mitaboni ilikuwa dhaifu. Iliweza kumsikia Wamunyu, lakini Wamunyu hakuweza kuisikia. Jua likipanda, Mitaboni haikusikia tena, tangazo likakoma, na barua zikarudi kwenye njia yake ya kweli. Nilipomweleza Mzee Salim alicheka hadi akavua miwani. "Mwanangu, hata binadamu wako hivyo. Kumsikia mtu si kusikiwa naye." Mwalimu Nzioka aliposikia alisema kichwa kama hiki kinapotea Machakos, na kwamba kuna chuo cha ufundi wa mawasiliano Nairobi ambacho barua yake ya kunipendekeza ingenifungulia mlango. Toka siku hiyo nilitembea nikiisikia barua ile mfukoni kabla haijaandikwa.

Mwezi wa nane kompyuta ya Wamunyu ilizimika. Muli aliileta mwenyewe, pamoja na redio yake, amezifunga kwa blanketi la kitanda. Tulikuwa na seti moja ya akiba. Nikaipa namba ileile ya Wamunyu, ili vituo vingine visibadilishe chochote, nikaipa jina jipya la hewani, nikamwonyesha Muli mahali pa kuchomeka, naye akaondoka nayo ndani ya blanketi lilelile. Kulikuwa na sheria moja ya Mzee Salim, na ilikuwa imebandikwa ukutani kwa mwandiko wake: mashine ikitoka kituoni, kwanza ivuliwe namba. Dakika tatu za kazi. Lakini usaili wa chuo ulikuwa Jumatano, na nilikuwa na sketi moja ya kuazima iliyohitaji kufupishwa. Nikasema nitaivua kesho. Jumatatu niliitengeneza ile ya zamani, ikawaka. Nikaifunga kwenye antena ya juu ya paa ili nione kama itadumu, nikaiacha ikiwaka, na Jumanne nikaenda Nairobi. Mzee Salim hakugusa kazi ya mtu mezani. Ilikuwa adabu yake.

Jumanne hiyo hiyo, mchana, kamati iliandika barua kwa Muli. Lori la Wamunyu lililotazamiwa Alhamisi lingefika Jumatano. Awaite wazee wa vijiji, wakusanye watu uwanja wa soko. Mlimani ikauliza hewani nani mwenye namba ya Wamunyu. Wakajibu wawili. Mmoja alikuwa Muli, mbali, kwa sauti hafifu. Mwingine alikuwa mashine niliyoiacha mezani, mjini, chini ya mlima, yenye sauti iliyofunika ya mwenzake. Mlimani ikaandika jina la ile ya mezani, ikaipa barua, ikashukuru, na kwenye karatasi ya ofisi ikachapwa: Wamunyu, imepokelewa, saa nane na dakika kumi.

Jumatano lori likafika Wamunyu. Halikukuta mtu ila wauza nyanya. Msimamizi wake alingoja muda aliopewa kungoja, kisha akafuata maagizo: mahali wasipokusanyika, chakula kiende kituo kinachofuata. Kituo kinachofuata kilikuwa ng'ambo ya mto, na ng'ambo ya mto ndiko alikozaliwa Syombua. Alhamisi watu wakaja. Walitoka mbali, wengine walitembea tangu alfajiri, wanawake na punda na magunia matupu yaliyokunjwa vizuri, wakaketi juani hadi jioni. Lori lingine lingekuja baada ya wiki tatu. Wiki hizo tatu walikula nini sijui. Nilikuwa na nafasi ya kuuliza, kwa maana watu wa Wamunyu walikuja Machakos kila siku ya soko, na sikuuliza hata mmoja.

Nilirudi Ijumaa saa tano asubuhi, nimefurahi, usaili ulikwenda vizuri. Nilipitia mlango wa nyuma. Kutoka mbele nilisikia sauti ya Mwalimu Nzioka, kavu, ikisoma karatasi. "Saa nane na dakika kumi. Imepokelewa. Na yeye ananiambia hajaona barua. Wazee wanasema chakula kimekwenda kwa wakwe zake." Mzee Salim akasema, polepole, "Muli simjui kwa uongo." "Basi mashine ndiyo inadanganya?" akauliza Mwalimu. "Mashine haina wakwe." Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya meza yangu ya kazi, begi bado begani. Kwenye skrini, kwa maandishi ya kijani, palikuwa na mstari mmoja: una barua moja mpya. Sikuhitaji kuifungua. Niliifungua. Kwa Muli, Wamunyu. Lori litafika Jumatano badala ya Alhamisi.

Nimejaribu kwa miaka mingi kukumbuka kama nilifikiri. Ningependa kusema niliogopa, kwamba mkono ulitangulia akili. Lakini nakumbuka nilisikiliza kwanza kama wanakuja nyuma. Nakumbuka nilihesabu hatua kutoka kaunta hadi mlangoni. Kisha nikafuta barua ile, nikaivua mashine namba yake, zile dakika tatu, nikazima, nikatoka tena kwa mlango wa nyuma, nikazunguka, na nikaingia kwa mbele nikitabasamu. "Shikamoo Mwalimu. Habari za tangu juzi?" Naye akaniuliza usaili ulikuwaje kabla ya kuniuliza kitu kingine chochote.

Kikao kilifanyika Jumatatu katika ukumbi wa parokia, mchana, milango wazi kwa sababu ya joto. Kulikuwa na wanakamati watano, wazee wawili kutoka Wamunyu, Mzee Salim, mimi, na Muli aliyevaa koti la harusi. Nje kwenye benchi walikaa wanawake waliokuja kwa shughuli za kanisa, na sauti zao ziliingia. "Ndiye huyo?" "Ndiye." "Na anaonekana mtu mzuri." Muli alisimama akasema maneno machache. "Mimi hii maneno ya barua sijui. Nilikuwa kwa mashine Jumanne tangu asubuhi. Niko na mke, niko na watoto, na wao pia hawakula. Hakuna kitu iliingia." Mwalimu Nzioka akanigeukia. "Mwende ndiye anazijua hizi mashine kuliko sisi sote. Mwambie kila mtu hapa: inawezekana mashine ya mlimani kuandika imepokelewa, na barua haikupokelewa?"

Nikasema, "Hapana, Mwalimu. Haiwezekani."

Lilikuwa jibu la kweli. Barua ilikuwa imepokelewa, ila si na yeye. Nililipima kabla ya kulitoa, nikaona halina uongo ndani yake, nikajivunia kidogo, Mungu anisamehe, ujanja wa jibu lile. Muli aliniangalia. Hakukasirika. Aliniangalia kama mwanafunzi anayemtazama mwalimu aliyekosea hesabu ubaoni, akisubiri aone mwenyewe. "Mwiitu," akasema, "hebu fikiria tena." Nikatazama sakafu. Ilikuwa ya simenti nyekundu, imepasuka karibu na kiti changu. Mzee mmoja wa Wamunyu, mrefu mwenye kofia ya kahawia, akasema kwa Kikamba kwamba mtu akiuza tumbo la jirani kwa ajili ya wakwe, jirani hana la kusema tena naye. Waliandika Muli aondolewe kituoni. Alikwenda kuileta mashine yeye mwenyewe, kesho yake, ndani ya blanketi. Kasha la mukau hakulileta.

Wiki hiyo Mzee Salim alikuja nyuma nilipokuwa nalehemu. Akachukua daftari la buluu, akalifungua, akalifunga. "Mwanangu, ile mashine ya Wamunyu uliivua namba lini?" Nikasema siku ilipoingia. Akashika kitasa cha mlango kama mtu aliyesahau alitaka kwenda wapi. "Haya," akasema. Jumamosi hiyo mkewe hakuleta mahamri, nami nikajiambia ni bahati tu, kwa kuwa unga ulikuwa haba kote. Mzee Salim alikuwa akijua? Alifariki bila kuniambia, na nilipokwenda kumzika nilijiona mwepesi, kana kwamba shahidi wa mwisho ameondoka. Hilo nalo naliandika hapa kwa sababu ni kweli.

Barua ya Mwalimu Nzioka iliandikwa mwezi wa kumi. Nilikwenda chuoni Januari, na maisha yangu yote yametoka kwenye barua ile: kazi ya mitandao, nyumba hii ya Syokimau, watoto waliosoma. Miaka ya mwisho kabla ya kustaafu niliwafundisha mafundi vijana, na tulipofika somo la mashine mbili zenye namba moja, nilikuwa na kisa. Niliwasimulia habari ya fundi fulani wa redio aliyeacha mashine ikiwaka mezani ikajibu kwa niaba ya kijiji. Nilikisimulia vizuri. Walicheka mahali pa kucheka. Muli hakuwamo katika kisa kile, wala ukumbi, wala watu wenye magunia. Kijana mmoja aliwahi kuuliza, "Na ile barua ilikuwa inasema nini, madam?" Nikamjibu haikuwa ya maana.

Nilifika Wamunyu Ijumaa mchana, siku moja kabla ya mazishi, kwa sababu sikuweza kusema maneno mazuri ya mtu wa redio mbele ya kaburi lile bila kumwambia mkewe kwanza. Nilitaka kumwambia faraghani. Nilijipa sababu kwamba ni heshima. Nadhani nilitumaini angeniambia yamepita, nisilisumbue kaburi. Hema lilikuwa limesimama, wanawake walikuwa wakimenya viazi chini yake. Syombua alikuwa chumbani, ameketi kwenye ukingo wa kitanda, miguu haigusi sakafu vizuri, amekuwa mdogo sana. Alinitambua kwa sauti. "Mwende. Umenenepa. Umekula?" Nikamwambia nimekula. Nikafunga mlango, nikaketi chini kwenye mkeka, nikamwambia yote bila kusimama: sketi, namba, mashine mezani, maandishi ya kijani, mlango wa nyuma, swali la Mwalimu na jibu langu. Nilimwita mama kwa Kikamba: "Mwaitu, barua haikufika hapa. Muli hakuificha. Ilikuwa kwangu."

Nje mtu aliitisha kisu. Kisha akaniuliza, "Hakuiona kabisa?"

"Hakuiona."

"Si kwamba aliiona akachelewa kusema?"

"Hapana, mwaitu. Haikufika."

Akaanza kukunja pindo la leso yake, akaikunjua, akaikunja tena. "Wiki ile," akasema, "ndugu yangu alivuka mto akaniletea debe ya mahindi. Akaniambia, mshukuru bwanako. Mama yangu alikuwa bado hai kule, alikuwa hana kitu. Mimi nikajua. Nikasema, huyu mwanaume ameona mama yangu anakufa, na amefanya hii kitu, na hawezi kuniambia." Alikuwa anaongea akitazama ukuta, si mimi. "Watu walipomtukana kwa soko, nilikuja hapa kwa hii kitanda nikamwambia, najua ulifanya kwa ajili ya mama. Nimekusamehe. Akasema, Syombua, sikufanya. Nikamwambia usinifiche mimi. Akasema tena, sikufanya. Halafu akanyamaza. Kila tukikosana, miaka yote, mimi namwambia, hata ile nilikusamehe. Na yeye ananyamaza. Nilifikiri ananyamaza kwa aibu."

Nilisema pole. Ni neno dogo sana na lilikuwa peke yake mdomoni mwangu. Nikanyoosha mkono kumshika goti, naye akausogeza mguu, si kwa hasira, kama mtu anayemsogezea mwingine nafasi. "Kesho utasema," akasema. "Si ya redio. Hii. Kwa Kikamba, watu wa huku wote wasikie. Na watoto wake wasikie." Nikamwambia nitasema. "Sasa toka nje kidogo," akasema, "nataka kukaa."

Nilisema. Jumamosi, baada ya mchungaji na kabla ya wajukuu kuimba, binti yake alinitambulisha kama rafiki wa zamani wa baba, na nikachukua maikrofoni iliyokuwa na joto la mikono ya wengine. Sikuwaeleza habari za pakiti wala za majedwali. Niliwaambia kwamba mwaka wa lori, Muli hakuletewa habari, kwamba ilikaa mezani kwangu siku tatu, kwamba niliifuta, na kwamba nilipoulizwa mbele ya wazee nikamwacha aitwe mwongo ili nipate kwenda shule. Nilitazamia kelele. Hapakuwa na kelele. Binti yake, aliyeniita aunty kwenye simu, alikuwa amesimama kando yangu, akaushusha mkono wake aliokuwa ameniwekea begani. Safu ya mbele mzee mmoja mrefu sana, ambaye sasa hutembelea fimbo mbili, alijaribu kusimama, akashindwa, akasimamishwa. Hakuwa na kofia tena lakini nilimjua. "Mimi ndiye nilianza kusema," akasema bila maikrofoni, na wachache tu walimsikia. "Nilikataa kumsalimia mpaka juzi." Akaketi. Mtu mwingine nyuma akauliza, si kwa ubaya, kama mtu anayetaka kumaliza hesabu iliyomsumbua, "Kwa hivyo tulimwonea bure?" Mchungaji akaomba tusimame.

Muli alizikwa nyuma ya karakana. Watu walitupa udongo, nami nilisimama mbali nikaacha wenye haki watupe. Chakula kilipoanza kugawiwa hakuna aliyenifukuza na hakuna aliyeniletea sahani, nikaona ni sawa. Nilikwenda kumuaga Syombua. Alikuwa chini ya hema kati ya dada zake, amefungwa kitambaa cheupe kichwani. Nikapiga magoti mbele yake, mbele ya wote, nikamwambia kwa Kikamba kwamba naomba anisamehe.

Alinitazama, safari hii machoni. Hakuwa na ukali wowote, alikuwa amechoka tu. "Umesema vizuri leo," akasema. "Asante kwa hiyo. Lakini hilo neno, Mwende, mimi nilimpa yeye miaka yote na hakuwa analihitaji. Sasa natafuta nani wa kuniambia mimi." Akawageukia dada zake, akauliza kama wageni wa mbali wamepata maji.